Mashine ya chai ya barafu kutoka Marekani: chai inatoka chungu na ina ukungu, nakosea wapi?

Mkazi wa Tegeta
Wakuu, heshima kwenu. Joto la Dar mnalijua wenyewe. Dada yangu anaishi Houston, alipokuja Desemba akaniletea mashine ya umeme ya kutengeneza chai ya barafu. Nikaifurahia, maana hapa nyumbani tumechoka na soda.

Ilivyo ni hivi: nyuma kuna tangi la maji, juu kikapu cha majani, chini jagi la plastiki la lita tatu kasoro. Unaweka barafu kwenye jagi, maji kwenye tangi, unabonyeza, na ndani ya dakika kumi hivi chai ya moto inadondokea barafu. Dada anasema kwake inatoka nyekundu, inang'aa. Kwangu inatoka chungu ya kukunja uso, na ikilala kwenye friji asubuhi imekuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Mama watoto ameshaipa jina, anaiita mwarobaini.

Natumia majani ya pakiti ya kawaida, vijiko sita vya mezani kama kijitabu kinavyosema. Barafu trei mbili za friji. Maji ya kisima. Sukari naweka ikishapoa. Mashine ni ya volti 120 na umeme wetu ni 230, kwa hiyo nilichukua transfoma ya kuushusha Kariakoo, hiyo haina tatizo, ila inapata moto kidogo na ina kaharufu. Wajuvi nisaidieni.

Nipo Tu
Nimekaa paleee na glasi yangu.

Mzee wa Sufuria
Bandika maji, tia majani, chuja, weka kwenye friji. Mashine ya nini? Na LUKU hii ya kuhesabu uniti!

Mtoto wa Tukuyu
Mzee acha watu wafurahie zawadi zao.

Mleta mada, mimi nimekulia kwenye chai Rungwe, nimechuma tangu nikiwa mtoto. Majani yetu mengi kiwandani yanapondwa, yanachanwa na kuviringishwa mpaka yanabaki punje ndogo ndogo. Wenyewe wanaita CTC. Yametengenezwa yatoe rangi haraka na nguvu nyingi, yaweze kupambana na maziwa. Kijitabu chako kimepiga hesabu ya majani mapana, yale ambayo ukijaza kijiko sehemu kubwa ni hewa. Kijiko kilekile cha punje zetu ni kizito zaidi, kwa hiyo sita za kwao kwako ni kama umetia kumi na kitu.

Halafu zile punje laini zinaziba chujio la karatasi. Maji yanashindwa kushuka, yanasimama kwenye kikapu, majani yanaloweka kupita kiasi, na huo ndio uchungu. Kikapu hakijawahi kufurika?

Mkazi wa Tegeta
Mkuu kimefurika mara mbili! Nikadhani mashine ni mbovu.

Mtoto wa Tukuyu
Sio mbovu. Tumia vifuko, saba au nane kwa jagi lote, kata vile vikaratasi na nyuzi zake. Ukitaka ya pakiti basi vijiko vitatu tu, na usiyashindilie.

Binti Kisauni
Huku Mombasa twaiita strungi, na ya baridi twanywa sana mwezi wa Ramadhani. Kaka, huo ukungu si uchafu na hautadhuru mtu. Chai ikiwa kali kisha ikapoa, zile asili zake zinazokaza ulimi zashikana na kafeini, zatengeneza chembe ndogo ndogo, ndizo hizo wazionazo. Mimina maji ya moto kidogo ukoroge, utaona yajisafisha. Lakini dawa yake ni kutoifanya kali kiasi hicho, na usitie chai yenye moto ndani ya friji. Iache ipoe nje kwanza.

Sukari kwenye kitu baridi haiyeyuki upesi, yakaa chini kama mchanga, kisha watu wawalaumu watoto kuwa wamaliza sukari! Pika shira: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ikiyeyuka epua, weka chupani. Kila mtu ajitilie kwenye bilauri yake. Kamua ndimu mwishoni, rangi yafunguka pale pale. Nanaa au mchaichai tia ndani ya kikapu pamoja na majani.

Na hayo maji ya kisima wayaonja kwanza? Maji ya chumvi hayafanyi chai, yafanya mchuzi. Barafu nayo igandishe kwa maji yaliyochemshwa. Watu wachemsha chai vizuri kisha waimwagia barafu ya maji ya bomba, wajiletea tumbo bure.

Mkazi wa Tegeta
Dada Binti Kisauni, ya kisima yana chumvi kidogo, sikatai. Na ndani ya tangi kumeanza kuota magamba meupe.

Binti Kisauni
Siki na maji, nusu kwa nusu, uiendeshe bila majani. Kisha maji matupu mara mbili.

Ticha Mstaafu
Hakuna aliyegusa trei mbili. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kushusha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi 0. Maana yake barafu inatakiwa ikaribie kulingana na maji ya moto kwa uzito. Jagi lako linataka kama kilo na robo ya barafu, wewe umeweka vipande vya kutuliza homa. Ndiyo maana chai inabaki vuguvugu na unalazimika kuikimbiza kwenye friji. Gandisha kwenye bakuli au mifuko, vunja. Ile barafu ndiyo nusu nyingine ya maji ya chai yako, kwa hiyo maji ya tangi yawe nusu tu ya jagi.

Fundi Koili
Ndugu zangu mnajadili ndimu na mwenzenu anataka kuchoma nyumba. Mkuu, geuza mashine, soma kilichoandikwa chini. Kisha soma transfoma.

Mkazi wa Tegeta
Mashine: 120V 60Hz 900W. Transfoma: 500W.

Fundi Koili
Chomoa. Sasa hivi, kabla hujajibu.

Umepakia bodaboda magunia tisa. Hako kaharufu ni vanishi ya waya za koili inaungua. Chukua transfoma ya wati 1,500, nzito, ya chuma ndani. Ukiibeba mkono mmoja bila kuhema, wamekuuzia boksi. Na mtu asije akakushauri adapta ya pini peke yake: adapta inabadilisha umbo la pini, haishushi umeme. Kipashio cha wati 900 kikikutana na volti 230 kinavuta zaidi ya wati 3,000, kinakufa siku hiyo hiyo.

Nipo Tu
Na hiyo 60Hz, yale mawimbi ya umeme kwa sekunde? Sisi si tuna 50?

Fundi Koili
Hapo hakuna mota ya kusumbuliwa na hilo. Maji yanapandishwa na mapovu ya mvuke wake yenyewe kwenye kabomba. Kipashio hakijali 50 wala 60.

Mkazi wa Tegeta
Mrejesho baada ya wiki mbili. Transfoma mpya ipo, nimeibeba na bajaji. Maji nanunua ya dumu, vifuko nane, barafu bakuli mbili, shira pembeni. Chai imetoka nyekundu, unaona kidole upande wa pili wa glasi. Mama watoto ameomba ya pili na hajataja mwarobaini. Kile kipindi sina transfoma nilitumia sufuria, nakiri.

Mzee wa Sufuria
Na ilikuwaje?

Mkazi wa Tegeta
Ilikuwa nzuri.

Mzee wa Sufuria
Transfoma mbili, bajaji, maji ya dumu. Jumla shilingi ngapi?

Mkazi wa Tegeta
Mzee, hilo tuliache.