Feni ya AC kwenye Toyota IST imegoma, fundi anasema ninunue mota. Naombeni ushauri

Kijana wa Ipuli: Habari wakuu. Niko Tabora mjini, natumia IST. Feni ya AC namba 1 hadi 3 zilikufa zamani, ikabaki namba 4. Sasa hata hiyo inagoma mpaka nigonge chini ya dashibodi upande wa abiria ndipo ishtuke. Fundi mmoja anasema gesi imeisha, mwingine anasema mota imekufa. Mvua zimeanza, kioo cha mbele kinajaa ukungu, naendesha huku nafuta kwa kitambaa. Nianzie wapi?

Mzee wa Mita: Huyo wa gesi mkimbie. Gesi ikiisha upepo unatoka vilevile, ila hauna ubaridi.

Una magonjwa mawili mkuu. Namba 4 umeme haupiti kwenye rezista (kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke taratibu), ndiyo maana ilibaki peke yake: rezista imeungua. Hili la kugonga ndipo iamke ni dalili ya kaboni za mota, zile zinazopitisha umeme ndani yake, kuisha. Ila usinunue kwa dalili, pima. Toa droo ya abiria, mota iko kwa chini, imeshikwa na skrubu tatu. Chomoa soketi, washa swichi ya gari, feni weka namba 4, chomeka mita ya kupimia volti kwenye pini mbili za soketi. Ukipata volti 12 hivi, umeme unafika, mbovu ni mota. Usipopata kitu, rudi kwenye fyuzi ya HTR (ya hita), rilei na swichi ya feni.

Dada Spana: Huwa unapaki chini ya mwembe?

Kijana wa Ipuli: Dada, Tabora hii nani hapaki chini ya mwembe 😂

Dada Spana: Basi angalia pale chini ya waipa. Majani yanaingia kwenye njia ya hewa, yanashukia kwenye pangaboi, mota inazunguka kwa shida na kuvuta umeme mwingi. Rezista na soketi ndizo zinaumia. Ukifunga rezista mpya na mota ile ile nzito, utarudi hapa hapa na uzi mwingine.

Kijana wa Ipuli: Nimepima. Mita inasoma 12.3, mota kimya. Majani yapo, na mavumbi ya kutosha kupanda mchicha. Soketi plastiki yake imegeuka kahawia.

Mzee wa Mita: Mota hiyo kwaheri. Nenda na ya zamani dukani, linganisha soketi na matundu ya skrubu. Ukichukua ya mtumba, usilipe kabla hawajaipa umeme wa betri mbele yako. Ishike kwa nguvu, huwa inaruka ikiwaka. Isikilize: ikikwaruza au kulia, rudisha. Nyaya zikigeuzwa itazunguka kinyumenyume na upepo utakuwa hafifu, muuzaji asikuchanganye hapo.

Dada Spana: Na hiyo soketi ya kahawia ikatwe, ifungwe nyingine. Fundi akitoa selotepu, mnyang'anye.