MJADALA: Kufundisha kimataifa kunaanzia kwenye ndege au darasani?

Mtoa mada (Moshi)
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Nafundisha ushirika chuoni hapa Moshi. Fomu ya kupitia mitaala imeongezewa mstari: "Kipengele cha kimataifa cha kozi." Juzi nilitumwa kukusanya fomu za idara, zilikuwa 11. Tisa zina sentensi ileile, hata kosa la herufi ni lilelile: "Wanafunzi watapata mtazamo wa kimatiafa." Siwacheki, mojawapo ni yangu.

Tulichopewa ni semina ya siku 2 hotelini. Slaidi, chai, posho, picha ya pamoja. Wakubwa wawili wakaenda Ulaya wiki nzima, tukaonyeshwa theluji kwenye simu.

Mimi nasema hela hiyo imfuate mwalimu kwenye kozi yake, apate mtu wa kukaa naye muhula mzima. Safari baadaye.

Miaka yote nilianza na Rochdale, Uingereza, 1844, wale wafumaji na duka lao la ushirika. Vijana wanakariri mwaka, mtihani unapita, basi. Muhula uliopita mwalimu mmoja mstaafu alikaa nami jioni tatu tukaipindua kozi. Nikaanza na jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, wanalolipita kila wakienda mjini. Chama cha wakulima cha 1925, KNCU yenyewe 1933, serikali kuvunja vyama vikuu 1976. Rochdale ikaja baada ya hapo, na swali: mfumaji alikuwa akijiuzia unga dukani kwake, mkulima wa kahawa wa Kibosho bei yake inaanzia soko la New York, je, huo ni ushirika wa aina moja? Nikawaandikia ubaoni bei ya kahawa ya arabika ya siku ile, senti za Marekani kwa ratili, wageuze iwe shilingi kwa kilo. Nusu saa nzima ilikwendea hapo, watu wamesahau ratili ni gramu ngapi!

Ndipo binti mmoja kutoka Burundi, ambaye mihula miwili sijawahi kusikia sauti yake, akauliza kwa nini wakulima wa huku wanamenya kahawa nyumbani. Kwao matunda mabivu hupelekwa kituoni yakamenywe na kuoshwa pamoja. Darasa likamgeukia. Umataifa ulikuwa umekaa safu ya nyuma, mimi nasubiri wafadhili.

Karibuni mnipinge.

Mwanasheria (Arusha)
Mtoa mada, unaichukia safari kwa sababu walisafiri wakubwa. Hilo ni kosa la wanaochagua. Mimi nafundisha sheria Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na mahakama ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015. Kesi ya Akayesu ya 1998, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, nimeifundisha miaka mingi kutoka kwenye vitabu vya wenzetu. Nilipokwenda kufundisha nje muhula mmoja, mwanafunzi akaniuliza mashahidi walilala wapi, na nani aliwatafsiria Kinyarwanda. Sikuwa na jibu, na kwangu ni mwendo wa daladala moja. Nisingepanda ndege nisingeulizwa.

Mhitimu
Ndege, darasa, sawa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo Arusha, na 2017 marais walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Nilipoomba shahada ya pili nchi jirani wakataka maelezo ya kila kozi niliyosoma. Chuo changu kikanipa karatasi yenye majina ya kozi tu. Nikapoteza mwaka.

Mzee wa chaki
Mambo ya wafadhili hayo. Mradi ukiisha, mtaala unarudi kabatini.

Mtoa mada
Mzee wangu, kwa heshima, HEET, mradi wa elimu ya juu unaogharamia haya, ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, na kupitia mitaala kumo ndani yake. Tutaulipa wenyewe. Ndiyo maana theluji inaniuma.

Mwanasheria, hapo umenipata, nakiri. Ila wewe uliondoka na kesi unayoifundisha, ukarudi na swali lake. Wetu waliondoka na begi. Anayesafiri aoneshe kwanza wiki ipi ya kozi itabadilika akirudi, hapo nitamsindikiza uwanja wa ndege wa KIA mwenyewe.

Mhitimu, pole sana. Ile karatasi yako ndiyo hii fomu yangu.

Leo asubuhi nimeirudisha kwa katibu muhtasi, nikafuta "kimatiafa" na kuandika: "Wiki ya 3: kahawa ya Kibosho na ya Kayanza (Burundi), bei ya New York, hesabu kwa shilingi na faranga." Akasema kisanduku ni cha mstari mmoja. Nimebana karatasi ya pili nyuma kwa stepla.