Nimechomeka kaseti, nikaambiwa nisubiri isasishwe!

Wakuu, naandika huku mikono ikinitetemeka, na kaseti ya mchezo wa video bado imo ndani ya mashine kwa sababu nimekatazwa hata kuichomoa. Yule yule mtengenezaji wa mashine hii mnayemjua, aliyejitapa kwamba ameturudishia raha ya kuchomeka kaseti na kucheza papo hapo, leo amenidhalilisha mbele ya mwanangu.

Nilikuwa nimemwita mtoto, nikamkalisha, nikamwambia kwamba zama zetu mtu alichomeka kaseti, akabonyeza swichi, na kabla hajakaa vizuri muziki wa mchezo ulikuwa umeshaanza. Nikachomeka, ikalia ule mlio mtamu wa plastiki, nikabonyeza. Runinga ikaandika: «Tafadhali subiri, kaseti inasasishwa.»

Kaseti inasasishwa! Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilienea yote katika kilobaiti 40, ndani ya chipu ambazo prosesa ilizisoma moja kwa moja kana kwamba ni kumbukumbu yake yenyewe, na ndiyo maana hapakuwa na cha kusubiri. Huyu wetu amenitaka nifungue akaunti, nitaje tarehe ya kuzaliwa, kisha nikubali masharti ambayo nikiyasoma yote nitamaliza nikiwa na wajukuu. Nilipomaliza, ikarudi pale pale: kaseti inasasishwa. Mtoto akaniuliza, «Baba, hii ndiyo ile raha uliyokuwa ukiisema?»

Ninayo kaseti ya pili, nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mna kichipu chembamba kama ukucha, na kwingine kote ni hewa. Nimeuziwa jeneza lisilo na maiti! Kaseti inasasishwa, wakuu. Inasasishwa!

Mpuliza Vumbi: Pole sana, mleta mada, ila kosa ni lako mwenyewe, kwa maana hukuipuliza kwanza.

Pini Sabini na Mbili: Tusipotoshane. Kupuliza hakukuwahi kusaidia. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, pini zikagusana upya, ilhali unyevu wa pumzi zenu ulizitia kutu, na Nintendo wenyewe waliwakanya watu wasifanye hivyo. Anayestahili uzi wa malalamiko ni aliyebuni ile NES, mashine ya michezo ya Nintendo, ya kuchomekea kwa mbele, ambayo ilitaka ifanane na deki ya video, kaseti ikasukumwa ndani kisha ikakandamizwa chini mpaka pini zikalegea.

Mpuliza Vumbi: Mimi nilipuliza na ikawaka, kwa hiyo huo utaalamu wako kaa nao.

Fundi wa Jioni: Mleta mada, usikilaumu kichipu. Nimejitengenezea mashine ya namna hiyo kwa Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bodi moja), maganda matupu ya kaseti na vibandiko vya NFC, vinavyosomwa kwa kusogezwa karibu tu; kibandiko kinataja jina la mchezo tu, na mchezo wenyewe umo tayari kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo naichomeka na kucheza bila intaneti wala akaunti. Wewe ulinunua kengele ya mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Mleta mada: Ahsante kwa kunichekea. Imefika asilimia 61.

Hifadhi Iliyopotea: Wenzangu, angalau nyinyi mnasasishiwa. Mimi ninayo kaseti halisi ya The Legend of Zelda, ile iliyotoka Marekani mwaka 1987 ikiwa na betri ya kuhifadhia mchezo, na betri imekata roho pamoja na kila nilichowahi kushinda. Nilipoifungua nikadhani nitaipachua kama ya saa, kumbe imelehemewa kwenye bodi.

Pini Sabini na Mbili: Hiyo ni betri ya duara aina ya CR2032, mkuu. Nunua yenye vikonyo vya chuma vilivyokwisha kuungwa, usije ukathubutu kuilehemu ile tupu, maana joto huiharibu na inaweza hata kupasuka.

Mpuliza Vumbi: Na kabla ya kulehemu, ipulize.

Mleta mada: Jamani, uzi huu ulikuwa wa kusasishwa. Imerudi asilimia 12.

Hifadhi Iliyopotea: Ahsante sana, Pini. Je, vile vikonyo vinalehemewa upande ule ule wa bodi, au niigeuze kwanza?