Tupeane uzoefu: wenye haibridi na wenye gari za juu, Arusha na Moshi

Wakuu, habari za muda huu. Nakaa Sakina, kwetu ni Machame. Nataka gari moja tu, ya kazini na ya kupandia nyumbani Desemba. Niliyonayo ni Harrier ya petroli, injini ya cc 2400, ya zamani. Asubuhi Sakina mpaka Kijenge lita moja hainivushi kilomita saba. Jirani ana Toyota Aqua, haibridi, yaani injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ananicheka kila akinikuta sheli. Fundi wangu naye anasema haibridi ni janga. Walio nazo waseme, wale wa "nasikia" wapumzike.

Mdau wa Tengeru
Aqua, mwaka wa tatu. Faida iko kwenye foleni: injini inazima, unasogea kwa mota kimya kimya mpaka boda wanashtuka. Ukiitoa Usa River ukaikimbiza kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, injini ndiyo inabeba, hapo usitegemee maajabu. Kitu kingine watu hawakiangalii: Arusha iko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Kwenda unashuka, ukigusa breki mota inageuka jenereta, betri inajaa bure. Mimi kwenda napata kilomita 22 kwa lita, kurudi 18.

Mama Soweto, Moshi
Prius, haibridi pia. Siku moja nafika Boma Ng'ombe, taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ikawaka. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua vizuri, akasema betri imekufa, tafuta mamilioni. Sikuwa nayo, ndiyo pona yangu. Kijana mwingine akatoa plastiki pembeni ya siti ya nyuma, penye matundu ya hewa. Ile betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kuna feni yake. Feni lote vumbi la Kahe na maganda ya maharage! Kumbe magunia yangu ndiyo yalikuwa yanaziba matundu. Akasugua kwa mswaki, akafuta kumbukumbu za makosa kwenye kompyuta ya gari, mwaka wa pili huu sijaona taa. Ila waya za rangi ya chungwa msimwachie fundi wa kubahatisha, umeme wake unaua.

Wa Kibosho
Prado ya dizeli. Inakunywa, sikatai. Lakini masika nalala kwangu, ninyi mnaacha gari barabarani mnapanda na tochi.

Kijana wa Njiro
Mkuu, ipo ya katikati: Harrier haibridi ya 2014, injini ya cc 2500. Chukua yenye E-Four, magurudumu ya nyuma yana mota yake, hakuna propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu ya injini nyuma. Mjini napata 14. Machame kwenye utelezi inapanda, ila tope la magoti mwachie wa Prado.

Mleta mada
Asanteni. Mama Soweto, hayo matundu kwenye Aqua nayo yako siti ya nyuma? Jirani yangu kila Ijumaa anapakia kuku.