Tupeane uzoefu: Kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke na kandokando ya mto Sabaki

Jirani wa Msitu: Wenzangu wa Malindi, naanza mimi. Nimezaliwa Gede, msitu nauona kila siku kwenye dirisha la matatu, lakini kuingia ndani sikuwahi hadi mwaka jana, shemeji alipokuja kutoka Nakuru akataka aonyeshwe "huo msitu wenu". Nikajifanya naujua.

Tulichukua mwongozaji alfajiri. Njia ni ya kuzunguka, saa tatu hivi za mwendo wa pole, unatokea pale pale ulipoingilia. Kilichonishangaza ni ardhi. Mnakanyaga mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi, jua linapenya, kumefunguka. Mara udongo mwekundu, miti imesongamana hata upepo hauingii. Hapo mwongozaji akainua kidole, sote kimya. Kitu kilikuwa kikichakura kwenye majani makavu. Sange, mnyama mdogo wa msituni! Pua ndefu kama mkonga uliokatwa, na makalio ya manjano utadhani amekalia rangi mbichi. Nikapiga chafya. Shemeji hakupata picha na hajanisamehe.

Haya, na nyinyi?

Mama Wawili: Mimi nilikwenda na champali. Siafu walinifundisha adabu. Sina zaidi.

Kijana wa Watamu: Sisi tulimfuata bundi wa Sokoke. Ni mdogo, hazidi sana ngumi iliyokunjwa. Mwongozaji alijua kichaka anacholala mchana, akatuonyesha, na bado nilichukua dakika nzima kumtofautisha na tawi. Niliporudi nikamsimulia bibi. Akaniangalia weee! "Yaani bundi akija paani tunamfukuza, wewe umetoa pesa ukamtafute?" Usiku ule alichoma ubani nyumba nzima.

Mvuvi Mstaafu: Msitu mwauzungumza, mto mwausahau. Sisi tulizunguka Sabaki: tukateremka karibu na daraja, tukafuata ukingo hadi mto unapoingia baharini, tukarudi kwa vilima vya mchanga. Mto huu ndio Athi wa bara. Ukipita Tsavo waitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Udongo wa mashamba ya huko wote waja kumwagwa hapa, ndiyo sababu bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa mvua zikikaza.

Mwongozaji, kijana wa pale pale, alituhimiza tuondoke kabla maji hayajajaa. Wenzangu wakashikwa na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, picha moja, picha nyingine. Na mimi niliyeishi na bamvua na maji mafu, yaani bahari ikijaa sana na ikijaa kidogo, miaka yangu yote nikanyamaza, nisionekane mjuaji. Tulipogeuka, njia tuliyojia imekwisha kumezwa. Tukakata topeni. Nikazama hadi magotini na kiatu cha kushoto kiko huko mpaka leo. Viboko tuliwaona macho na masikio tu, kwa mbali. Kwa mbali panatosha.

Hesabu Kwanza: Patana bei kabla ya hatua ya kwanza, na uulize ni kwa kichwa au kwa kundi. Sisi tulitajiwa bei lango la kuingilia, tukadaiwa nyingine wakati wa kutoka, na mzunguko wenyewe ulikatwa nusu kwa kuwa "kuna ndovu mbele". Ndovu wamo kweli, kwa hiyo ungebisha vipi? Ila kinyesi chenyewe hatukukiona.

Jirani wa Msitu: @Hesabu Kwanza sisi kinyesi tulikiona, cha moto, na mwongozaji akaturudisha mwenyewe bila kuongeza hata shilingi. Inategemea umempata nani.

Mama Wawili: Swali. Wangu wana miaka 5 na 8, wataweza saa tatu msituni?

Kijana wa Watamu: Huyo wa 5 utambeba, dada. Anza nao Mida, lile daraja la mbao linaloning'inia kwenye mikoko. Ni fupi, linayumba, watafurahi. Na tafadhali, viatu.

Mama Wawili: 😂 Nimesikia.