Gumzo la kikundi: CHUMBA CHA MAMA

JUMANNE

[19:02] Mama Mapacha: Hamjambo nyote. Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama, shikamoo Mamdogo, shikamoo Mjomba. Naandika mara moja ili nisirudie. Mama zile ngazi haziwezi tena. Tunamwongezea chumba huku chini, ubavuni mwa sebule, upande wa dirisha kubwa. Fundi nimeshampata, Jumamosi anaanza kuchimba msingi

[19:03] Mama Mapacha: Chumba futi 12 kwa 14, choo na bafu ndani. Mlango upana sentimita 90, hakuna kizingiti, hata siku akihitaji kiti cha magurudumu apite

[19:04] Mama Mapacha: Nataka kujua usiku huu nani anatoa nini

[19:41] Mama Mapacha: Naona mmesoma wote

[19:52] Kitinda: 👀

[19:53] Mama Mapacha: Hayo macho ni mchango?

[19:53] Kitinda: mchango wa mawazo dada, natazama kwanza

[20:08] Mamdogo: Marahaba mwanangu. Wazo jema. Mungu awatangulie

[20:11] Mama Mapacha: Ahsante Mamdogo. Swali la haraka kwa wote, fundi analitaka kabla hajapiga kamba: shimo la choo liko upande gani hasa?

[20:14] Kitinda: waulize panya wa stoo, wao ndio wenyeji kule nyuma

[20:14] Binamu: 😂😂😂

[20:15] Binamu: stoo yenye ufa wa kupitisha paka

[20:15] Kitinda: ufa? lile ni dirisha. fundi alituongezea bure

[20:31] Kaka Mkubwa: Mmeanza

[20:31] Kitinda: kumbe kaka yuko macho 😂

[20:33] Kaka Mkubwa: Fundi wa stoo nilimleta mimi, sikatai. Na saruji niliyonunua mimi ilikwenda wapi? Hilo hamliulizi

[20:34] Mama Mapacha: Kaka tusifukue hayo. Shimo la choo liko wapi?

[20:36] Kaka Mkubwa: Ufunguo alikuwa nao nani?

[20:36] Mama Mapacha: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[20:37] Kaka Mkubwa: Nimeshausoma

JUMATANO

[06:12] Shem: Samahanini, jana nilikuwa saiti mpaka usiku. Shikamooni wakubwa. Dada, mwambie fundi asubiri kwanza

[06:19] Shem: Ile stoo haikupasuka kwa uchache wa saruji. Niliuona ule ufa, umefuata kiungo cha stoo na nyumba kutoka bati mpaka sakafu. Nyumba ilikuwa imeshatulia kwenye udongo miaka mingi, stoo ikaja na msingi wa kina kifupi, ikashuka peke yake huku tofali zake zimefumwa kwenye ukuta wa zamani. Hapo lazima pachanike. Kwa chumba cha Mama tufungue kishimo pembeni ya ukuta tuone msingi wa zamani uko kina gani na umekalia udongo gani. Mpya usiende chini ya ule, utaubomoa kwa chini. Kati ya jengo la zamani na jipya tuache mwanya mwembamba, kila moja litulie kivyake

[06:24] Shem: Paa nalo. Bati jipya linapokutana na ukuta wa zamani ndipo nyumba za kuongezea huvujia. Likae chini ya madirisha ya juu, na kipande cha kuzuia maji kiingie ndani ya ukuta, siyo kupakwa saruji juu juu

[06:58] Kaka Mkubwa: Ahsante shemeji. Nilikuwa namsubiri mtu aseme

[07:02] Mama Mapacha: Na huo msingi mfupi aliuchimba fundi wa nani?

[07:20] Binamu: 🍿

[12:40] Mama Mapacha: Shem nimekuelewa lakini huyu fundi ana kazi nyingi, nikimwachia anakwenda kwingine. Nimeshampa kidogo ya kumshika

[12:44] Shem: Kuna karatasi?

[12:44] Mama Mapacha: Tunaelewana

[12:47] Shem: Na mchoro hakuna. Bei aliipataje?

[12:48] Mama Mapacha: Alizunguka akaangalia

[12:55] Shem: Dada, kwa macho kila mtu ni nafuu. Tuanze na mchoro wa msanifu, uonyeshe nyumba ilivyo, kinachoongezwa, na umbali mpaka mwisho wa kiwanja. Huo huo ndio wa kuombea kibali. Ukishapita itoke orodha ya vifaa na kazi, mafundi watatu wapige bei kwenye orodha ileile. Malipo yafuate kazi: msingi, kuta mpaka lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), paa, umaliziaji. Kiasi kibaki mkononi mpaka kasoro zirekebishwe. Na asilimia 10 hadi 15 ya gharama yote iwekwe kando ya dharura

[12:57] Binamu: dharura ndio mimi, mniwekee

[12:58] Kitinda: mimi nimo kwenye umaliziaji, nitahamia kikiisha

[12:59] Mama Mapacha: Mnacheka. Michango mpaka saa hii ni yangu peke yangu

[13:30] Mama Mapacha: Naona kimya kimerudi

[21:07] Baba Mkubwa: Marahaba wote. Nimesoma. Hati ninayo mimi, na mpaka leo ina jina la marehemu. Hicho kibali ataomba nani? Na katika maneno yote haya sijaona mlipomuuliza mama yenu. Jumamosi pasichimbwe kitu.

ALHAMISI

[07:30] Mama Mapacha: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia

[07:31] Kaka Mkubwa: Shikamoo Baba Mkubwa

[07:34] Mama Mapacha: Mama, upo?

[09:15] Mama: Nipo. Nasoma tangu juzi. Shimo la choo liko hapohapo mlipoweka kitanda changu. Baba yenu alilihamishia huko lile la kwanza lilipojaa

[09:17] Mama: Na dirisha la sebule halizibwi. Ndilo ninaloonea nani anaingia getini

[09:18] Kitinda: 🙈

[09:21] Mama: Ivunjeni stoo, mjenge pale. Haina kazi

[09:40] Shem: Mama inawezekana kabisa. Ila choo kitakuwa mbali na shimo. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita, nipime kama kimo kinaruhusu. Na ukuta wa stoo na korido umebeba sakafu ya juu. Kufungua mlango pale ni kuegemeza sakafu kwanza, kuweka lenta, halafu ndiyo kukata. Tuutoboe mwisho kabisa, vumbi lisimfuate Mama ndani

[09:43] Mama Mapacha: Haya basi. Jumamosi saa 3 asubuhi ni kupima na kile kishimo cha Shem, basi. Shem aje na mchoraji. Kaka aje na ufunguo wa stoo

[09:50] Kaka Mkubwa: Ufunguo sina. Sijawahi kuwa nao

[09:58] Mama Mapacha: Sawa nitakuja nao

[09:58] Kitinda: ohooo

[10:02] Baba Mkubwa: Nimesema pasichimbwe

[10:04] Mama Mapacha: Ni kishimo kidogo tu cha kutazama Baba Mkubwa, kinafukiwa palepale

[10:30] Mama Mapacha: Baba Mkubwa?

[14:22] Mjomba: Marahaba wajomba. Saruji ya msingi niandikieni mimi. Dirisha lile la sebule kubwa tutalitoa au tutalihamisha?

[14:23] Mama Mapacha: Mjomba soma huku juu

[14:31] Shem: Dada, na ile ya kumshika fundi? Atarudisha?

[14:33] Mama Mapacha: Nakupigia