Kigeu nasibu ni namba au ni kanuni?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada katika somo la uwezekano. Katika aljebra nilizoea kwamba x ni namba isiyojulikana, ambayo huipata nikikokotoa mlinganyo. Sasa nakutana na kigeu nasibu X, na mara naona P(X = x), kana kwamba kitu kinalinganishwa na nafsi yake. X ni namba gani hasa, na x ni ipi?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu muulizaji, jina ndilo linalopotosha. X si namba, bali ni kanuni inayolipatia kila tokeo la jaribio namba yake. Ukirusha dado mbili, yapo matokeo 36. X ikiwa ni jumla ya nukta zilizo juu, tokeo (2, 5) hupata 7, tokeo (6, 6) hupata 12, na kanuni hiyo haibadiliki kamwe. Bahati imo katika tokeo, haimo katika kanuni. Herufi ndogo x ni namba ya kawaida uliyoichagua mwenyewe. Kwa hiyo P(X = 7) inakutaka ukusanye matokeo yote yanayopata 7, kisha utafute uwezekano wa kundi hilo. Matokeo hayo ni sita, na ikiwa dado hazina upendeleo, jibu ni 6/36, yaani 1/6.

Muulizaji
Ahsante sana, sasa naelewa. Je, nikishakuwa na jedwali la namba na uwezekano wake, siwezi kusema kwamba jedwali hilo ndilo kigeu chenyewe?

Mchangiaji wa pili
Hapana, na nakusihi uliepuke kosa hili mapema, kwa kuwa hata waliosoma takwimu kwa miaka kadhaa hulirudia. Chukua dado moja. X iwe nukta za upande wa juu, na Y iwe nukta za upande uliolala mezani. Katika dado ya kawaida pande zinazokabiliana hutoa jumla ya 7, hivyo Y = 7 − X. Jedwali lao ni moja, kila namba kuanzia 1 hadi 6 ikiwa na uwezekano wa 1/6, na wastani unaotarajiwa ni 3.5 kwa vyote viwili. Hata hivyo, X na Y havilingani hata mara moja! Tena X + Y ni 7 daima, bila mtawanyiko wowote, ilhali X + X huweza kuwa 2, au 12, au namba shufwa yoyote iliyo kati yake. Mwanahisabati Mrusi Andrey Kolmogorov, alipoiwekea nadharia ya uwezekano misingi mwaka 1933, alianza na seti ya matokeo, na vigeu vikafuata baadaye kama kanuni juu ya seti hiyo.

Mchangiaji wa kwanza
Niongeze kwamba jedwali huenda lisiwepo kabisa. Ukichagua nukta popote kati ya 0 na 1 bila upendeleo, P(X = x) ni 0 kwa kila x, na swali lenye maana ni la masafa: uwezekano wa X kuangukia kati ya 0.2 na 0.5 ni 0.3.